Bokoboko la Binti wa Kisimani

Mwalimu wangu alikuwa na sanduku la mvule lenye vitabu kumi na vitatu. Saba kati yavyo vilikuwa vya visa vya majini na mazimwi, na katika vyote saba hakuna mwanamke mwenye kauli yake aliyefika ukurasa wa mwisho akiwa hai. Nimehesabu. Yule aliyepanda ndege wa chuma aliungua na jua. Yule aliyeutawala mji wa nyani alichomwa na mwiba, mwiba mmoja tu, baada ya kupigana vita miaka tisa bila kutoka damu. Yule aliyemkataa mfalme wa majoka alimezwa na joka jingine kabisa, joka ambalo halikutajwa popote tangu mwanzo wa kitabu. Nililitafuta kurasa za nyuma. Halimo.

Wanaume wa vitabu hivyo hivyo huanguka baharini, wakamezwa na chewa, na chewa akawatapika pwani penye hazina. Mmoja alikatwa kichwa akakirudisha mwenyewe. Nilimwuliza mwalimu kwa nini. Akasema, "Soma, usihojiane na karatasi."

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tulikaa Bagamoyo, nyuma ya magodauni ya pembe, mahali ambapo msimu wa misafara huwezi kulala adhuhuri kwa kelele za wapagazi. Baba alikuwa bara, mwaka wa pili sasa. Mama alifariki nikiwa sijaota meno. Nyumba ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, na sauti iliyosikika zaidi ndani yake ilikuwa ya shangazi.

Msahafu niliukhitimu mapema, na wenzangu wote walipokhitimu walirudi majikoni kwao. Mimi peke yangu niliendelea. Kila asubuhi nilivuka mitaa miwili nikiwa nimejifunika ukaya mpaka machoni, nikaenda kwa mwalimu, mjane wa makamo aliyekuja kutoka Pangani, akanifundisha tenzi, nahau, hesabu za mirathi na kazi ya kunakili vitabu. Nilikuwa hodari wa kalamu. Wa mdomo sikuwa. Mgeni akiingia nyumbani nilishikwa na kikohozi, na nikilazimika kumwamkia, shikamoo yangu haikufika mbali zaidi ya kidevu. Ndiyo maana nikaanza daftari hili. Karatasi haikutazami usoni.

Shangazi hakuona faida ya masomo haya. "Msichana akijua kusoma barua ya mumewe, yatosha," alisema. "Akizidi hapo atasoma na za waume wa wenziwe." Akataka mwisho wa mwezi ule masomo yakome, niwekwe ndani, niandaliwe kuolewa kama wasichana wengine. Tayari alikuwa amezungumza na watu wa Winde. Watu gani, hakusema. "Watu," alisema. "Wana mashamba."

Bibi alikuwa mtu wa kupenda visa kuliko chakula. Alimsikiliza shangazi mpaka akachoka, kisha akasema: "Mwalimu wake ana kile kitabu cha binti wa kisimani. Anakinakili mjukuu wangu. Akimaliza, atatusomea hapa mbele za watu. Akisoma vizuri, ataendelea mpaka baba yake arudi. Akituaibisha, mwingize ndani kesho yake."

"Huyu?" shangazi akacheka. "Huyu asemaye na kuku kwa kunong'ona?"

Nilikuwa nimesimama palepale mlangoni na sinia mkononi. Nikakohoa.

Sasa lazima nieleze mambo mawili, maana bila hayo hasira yangu haitaeleweka.

La kwanza ni sheria ya kunakili. Kitabu kile cha binti wa kisimani hakikuwa cha mwalimu. Aliazimwa na jamaa yake wa Pangani, na kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni, kwa hiyo alitaka nakala kabla hakijarudishwa. Siku ya kwanza alinikalisha chini, akaniwekea kalamu ya mwanzi na kikombe cha wino wa masizi, akaniambia: "Kitabu ni amana. Mwandishi wa kwanza akikosea, wewe liandike kosa lake. Akirudia, rudia. Huna lako humu ila mkono." Nikaitikia naam. Nilikuwa na nia njema siku ile.

La pili ni desturi ya nyumbani kwetu, na sijui nyumba nyingine inayoifuata. Zamani, kabla sijazaliwa, mwalimu alikiazima mara ya kwanza, akawasomea bibi na majirani kisa hichohicho. Binti alipokufa wanawake walilia, na bibi akasema haiwezekani mtu akaliliwa namna ile kisha watu wakainuka wakaenda zao. Akaomba Fatiha. Akapika bokoboko. Tangu hapo kikisomwa kitabu kwetu na mwanamke wa kitabuni akafa, anasomewa Fatiha, na bokoboko linapakuliwa, kuku na ngano iliyopondwa ikapikwa pamoja mpaka isijulikane ipi ni ipi, juu samli na vitunguu vya kukaanga. Mwalimu wa msikitini alisikia, akaja kuwaambia kwamba mtu asiyewahi kuzaliwa haombewi. Bibi alimwambia anawe mikono kwanza. Alikula sahani mbili, wala hakulirudia neno lile.

Basi nikanakili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji ulikauka. Jini mwenye vichwa saba alikuwa amelikalia jicho la maji chini kabisa ya kisima cha mji. Wanaume wakapiga kura nani ashuke, na kila aliyeangukiwa na kura akashikwa na homa. Wakaishia wote vitandani, sultani na mawaziri wake pia. Sultani alikuwa na binti aliyewakataa wachumba sita, wa mwisho kwa sababu alimwona akimpiga punda aliyekuwa hajakosa kitu. Binti yule hakumwuliza mtu. Akachukua kisu cha kuparia samaki akashuka ngazi siku tatu. Akapita mlango wa moto. Akapita mlango wa upepo. Akamkuta jini, na jini akacheka kwa vichwa vyote saba. Binti akamwuliza swali moja: "Kipi katika vichwa hivi ndicho mkubwa wao?" Vichwa vikaanza kubishana. Vikatukanana, vikaumana, vikauana. Kisu hakikutoka alani.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza kuna nini. Nikampenda mno yule binti. Nilimpenda kama dada.

Maji yakabubujika. Binti akapanda ngazi, maji yakimfuata visiginoni, siku tatu tena. Akafika ngazi ya pili kutoka juu. Akaliona jua. Hapo akakanyaga pindo la nguo yake, akaanguka, akafa maji.

Pindo la nguo!

Na chini yake mwandishi, Mungu amrehemu, ameandika: "Haya ndiyo malipo ya asiyesikia la wakubwa."

Niliweka kalamu chini. Wakubwa gani? Wakubwa wote walikuwa wamelala na homa! Nani alimwambia asishuke? Nani alimwambia neno lolote? Amepita moto, amepita upepo, amewapatia maji watu ambao hata kumshikia kamba hawakuja, kisha anauawa na pindo, na mtu aliyeketi kwenye mkeka na kalamu yake anamwambia alaa, ungesikia. Nikasema kwa sauti, "Mwongo!" Mwalimu alikuwa uani akianika mpunga. Hakusikia.

Karatasi ilikuwa mbele yangu na wino ulikuwa mbichi. Sitasema sikujua nifanyalo. Nilijua. Nikaandika: "Akaikunja nguo yake mpaka magotini, akapanda ngazi mbili zilizobaki, akatoka." Kisha nikatia mistari minne mitano ya kutengeneza, na ile ya wakubwa nikaiacha ikae Pangani na mchwa wake.

Mwalimu alikagua kurasa za mwanzo na za kati, akasifu mwandiko. Ukurasa wa mwisho aliutupia jicho tu, kwa sababu kisa alikijua. Nikafunga nakala kwa uzi, na kutoka siku ile mpaka Ijumaa sikula sawasawa.

Ijumaa baada ya alasiri wakaja majirani, kumi na zaidi. Uani chungu cha bokoboko kilikuwa motoni tangu asubuhi, na shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akisonga kwa mwiko, jasho likimtoka, maana pamoja na maneno yake yote hakuna anayepika kama yeye. Bibi aliketi juu ya kitanda cha besera. Mwalimu aliketi karibu yake, na kitabu cha Pangani kimefungwa katika mfuko wa kitambaa mapajani mwake, kwa kuwa kesho yake kilikuwa kinasafiri.

Mimi niliomba kusoma nyuma ya pazia.

"Si niliwaambia?" shangazi akapaza sauti kutoka uani. "Bibi harusi kabla ya harusi!"

"Mwache," alisema bibi. "Sauti haina sura."

Pazia likanisaidia. Nilianza vibaya, kikohozi kikanishika mara mbili, na mwanamke mmoja akasema, "Mpeni maji huyo, kisima kimemkaukia," wakacheka. Lakini nilipofika kwa wanaume wenye homa nilisahau kuogopa. Niliwasikia wanawake wakitulia. Niliposoma vichwa vikitukanana nikavifanyia sauti, kila kimoja yake, na nikamsikia bibi akipiga kofi pajani. Shangazi alikuwa ameacha mwiko. Nilimwona kwa upenyo wa pazia: amesimama mlangoni, leso amekwisha kuivuta, tayari kwa machozi. Alikuwa akikijua kisa kile neno kwa neno bila kujua herufi hata moja. Midomo yake ilikuwa ikitangulia yangu.

"Akapanda ngazi," nikasoma. "Akafika ngazi ya pili kutoka juu, akaliona jua. Akaikunja nguo yake mpaka magotini, akapanda ngazi mbili zilizobaki, akatoka."

Leso ikashuka.

"Akafanya nini?" akauliza shangazi.

Nikarudia. Sauti yangu ilikuwa imerudi kidevuni.

"Si hivyo! Anakanyaga pindo! Anaanguka!"

"Anakufa maji," akasema jirani mmoja, kwa upole, kama mtu anayenikumbusha nimesahau kiatu.

"Tena ati magotini!" shangazi akazidi. "Binti Sultani apandishe nguo magotini mbele za watu?"

Sijui ulimi niliupata wapi. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, "Watu gani, shangazi? Watu wote wana homa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Yule jirani mpole alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini kicheko hakikudumu, maana shangazi alishika kiuno akauliza:

"Basi bokoboko ni la nani?"

Hapo ndipo walipokasirika kweli. Ungedhani nimeiba. Wamekuja kulia, mmoja wao ametoka shamba Makurunge kwa ajili hiyo, na leso wameleta, na marehemu hakuna. Mwingine akasema tusome Fatiha kwa ajili ya jini. Mwingine akamwambia asitutie mashetani nyumbani. Mwingine akauliza kama ni haramu kula bila kulia, na mwenziwe akamjibu kwamba yeye binafsi angeweza kulia kwa njaa. Nami nyuma ya pazia nilikuwa nimekwisha kuona mwisho wangu: Winde, watu, wana mashamba.

Mwalimu akaligeukia pazia. Akasema, "Toka."

Nikatoka.

"Lete nakala."

Akaufungua ukurasa wa mwisho, akausoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akanitazama. Sikuwahi kumwona amekasirika bila kupaza sauti, na ni afadhali angepaza.

"Nilikuambia huna lako humu ila nini?"

"Mkono."

"Na hili la nani?"

"Langu."

"Kesho angekuja mtu mwingine akanakili kwako, na mwingine kwake, na huyu aliyekufa maji akawa hakufa, na mimi niliyepewa amana nikawa mwongo mbele ya watu wa Pangani. Huo ndio usomi?"

"Hapana."

"Kwa nini umefanya?"

Watu wote walikuwa wakinitazama. Hakukuwa na pazia, na kikohozi kilikuwa kikipanda. Nikasema, "Kwa sababu nimechoka kuwazika." Nikaona hakuna aliyeelewa, nikaongeza: "Saba. Wote saba, mwalimu, na huyu wa nane. Kwa miiba na mapindo."

Shangazi akamgeukia bibi. "Umesikia mwenyewe. Amemharibia mwalimu kazi, ametuaibisha sote. Ulisema kesho yake."

Bibi alimwangalia mwalimu. Nyumba ilikuwa ya bibi, lakini katika mambo ya vitabu alimwachia mwenye vitabu. Mwalimu akafungua mfuko wa kitambaa, akatoa kitabu cha Pangani, akanipa.

"Soma kilivyoandikwa. Hapo hapo ulipo, bila pazia. Ukimaliza tutajua kama nina mwanafunzi."

Nimewahi kuugua, nimewahi kuanguka kutoka juu ya mwembe, lakini sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Nilisimama mbele ya wanawake kumi na zaidi, nikamshika binti yule kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwangusha. Sikukohoa. Nilikuwa na hasira mno hata kikohozi kikanikimbia. Nilisoma pindo. Nilisoma maji. Nilipofika "haya ndiyo malipo ya asiyesikia la wakubwa" nililisoma neno kwa neno, kila herufi kwa haki yake, nikimtazama shangazi usoni, na yeye alikuwa akilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Wote walilia. Walilia vizuri, waliridhika. Fatiha ikasomwa. Bokoboko likapakuliwa, na wakasema mwaka ule limetoka laini kuliko mwaka wa ndege wa chuma. Mimi sikula. Nilikaa jikoni nikatazama mwiko.

Mwalimu alinifuata huko na sahani yake. Alikuwa ameing'oa karatasi yangu kutoka kwenye nakala, ameikunja mara nne. "Utaandika upya ukurasa wa mwisho leo, kabla ya magharibi," alisema. "Utaandika mara tatu, nichague." Kisha akanipa ile iliyokunjwa. "Hii yako. Usiitie tena katika kitabu cha mtu. Kama unataka mtu asife, mtafutie kitabu chake."

"Na Jumamosi, mwalimu?"

"Jumamosi nini? Jumamosi tuna mirathi. Hukumaliza fungu la wajukuu."

Ndivyo nilivyojua. Bibi alipomaliza kula naye akasema, bila kuniangalia, "Ataendelea mpaka mwanangu arudi. Amesoma." Shangazi akasonya. Hakubisha, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumatatu asubuhi, nimejifunika niko tayari kutoka, shangazi akanizuia ukumbini. Akatazama uani, akatazama barazani. Bibi alikuwa bado yumo chumbani.

"Ile karatasi unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Isome."

"Shangazi, nachelewa."

"Isome, nimekwambia. Haikuumi."

Nikaisoma nimesimama, mistari yangu sita. Akasikiliza kichwa kimeinama upande, midomo haitangulii, kwa kuwa safari hii hakujua kinachokuja. Nilipomaliza akangoja.

"Halafu?"

"Imeisha."

"Imeishaje? Ametoka kisimani amerowa chapachapa. Nani kampa nguo ya kubadili?"

"Sikuandika."

"Sikuandika! Na wale wenye homa, wamepona au wanalala tu? Nani anawachotea maji?"

"Yeye, labda."

"Yeye tena? Ameshuka siku tatu, amepanda siku tatu, kisha awe mchota maji wa wanaume wazima? Huna haya?" Akanikazia macho kama vile binti yule alikuwa wa tumbo lake. "Na njaa je? Siku sita hajala. Mpe kitu cha moto kwanza."

Nilitaka kulia kwa kuudhika. Ijumaa alitaka nimwue, sasa anataka nimpikie. Tena alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi: sikujua binti yule angefanya nini baada ya kutoka. Vitabu kumi na vitatu, na hakuna kimoja kilichonionyesha mwanamke wa namna ile siku ya pili yake, amekaa, anakula, anachagua la kufanya. Wa kumwiga hakuwapo.

"Nitafikiri," nikasema.

"Fikiri njiani. Jioni nitakuuliza." Akanirekebisha ukaya begani, kwa kuvuta. Nilikuwa nimekwisha fika kizingitini aliponiita tena, kwa kunong'ona, kama mimi ninavyonong'ona na kuku.

"Lakini usimwoze."

Nikageuka. "Na mimi je, shangazi?"

"Wewe nenda kwa mwalimu," akasema. "Watu wa Winde nimewaambia wangoje."